Tumbo Lisilokuwa kwenye Karte

Nitaanzia chooni, kwa sababu mwaka ule ndiko nilikokuwa nakaa. Wenzangu wakikumbuka siku za kupora, wanakumbuka vioo vya maduka na milio ya risasi. Mimi nakumbuka mlango wa bati wenye tundu la msumari, na jicho langu kwenye tundu. Nilimwona jirani wa kushoto akipita na kochi jekundu kichwani, anatoka jasho, anacheka peke yake. Kesho yake nikamwona jirani wa kulia akipita na kochi lile lile, na huyu hakucheka, alikuwa na haraka. Askari walianza, raia wakamalizia, na mimi nimechuchumaa, nimeshika tumbo, namwomba Mungu anipe nami dakika tano za amani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, nyumba ya vyumba vitatu tuliyopewa na kampuni ya shaba, wazazi wawili na watoto kumi, na choo kimoja nyuma ya jiko. Mara kumi na mbili kwa siku nilikimbilia kule, na kila mara ilikuwa ute na damu, na maumivu ya kukamuliwa kama nguo iliyofuliwa. Mdogo wangu wa kiume, yule aliyenifuata kuzaliwa, alipaswa kuwa anasoma chuo kikuu, Kasapa, lakini chuo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kunichokoza. Alikuwa anagonga bati kwa ukucha na kusema kwa heshima zote, kama kwa mkuu wa ofisi: "Mukubwa ya biro, bantu beko ku mulongo!" Nyuma yake kweli kulikuwa na watu kwenye mlolongo, kila mtu na kopo lake la maji. Nilimtukana kutoka ndani mpaka sauti ikaisha.

Sasa lazima nieleze habari ya karte, maana bila karte ugonjwa wangu hauelezeki.

Kila mfanyakazi wa kampuni alikuwa na karte yake, na juu yake wameandikwa mke na watoto. Mtoto aliyeandikwa alipata shule, gunia la unga, maziwa, na kitanda hospitalini akiugua. Mtoto asiyeandikwa alipata hewa. Haya, niambie: kaka yako amekufa kule kaskazini, ameacha watatu, utafanya nini? Unawaandika. Na mtoto wa binamu? Unamwandika. Kila mtu aliandika. Naamini hata mkaguzi aliyekuja kutuhesabu alikuwa ameandika wa shemeji zake. Baba yangu alikuwa Mkatoliki wa kutoka kaskazini mwa Katanga, baba yake alishuka huku kutengeneza reli, na kila Jumamosi alikwenda kuungama. Dhambi ya karte sidhani kama padri aliisikia hata siku moja.

Mkaguzi alipokuja tulipangwa uani kwa urefu, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa, na kila mmoja alitaja tarehe yake ya kuzaliwa kama anasoma katekisimu. Shida ilikuwa mimi na yule mdogo wangu. Kwa mujibu wa karte, mama alinizaa mimi mwezi wa tatu, akamzaa yeye mwezi wa nane, mwaka ule ule. Mkaguzi aliangalia karatasi, akamwangalia mama, akaangalia tena karatasi.

"Mama, uko na nguvu," akasema.

"Ni Mungu, papa," mama akajibu, na akamletea kiti.

Nyumbani ilikuwa marufuku kuulizana nani kazaliwa na nani. Ukithubutu, unalala bila bukari, na ugali wa mama yangu haukuwa kitu cha kukosa. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kutulia. Kati ya mtoto wa mwezi wa tatu na wa mwezi wa nane, mmoja lazima awe wa karatasi, na nilikata shauri zamani kwamba si mimi. Nilikuwa na pua ya baba, masikio ya baba, hata ile hasira ya baba ya kupanda na kushuka. Mdogo wangu hakufanana na mtu yeyote. Basi akiniudhi nilikuwa namnong'oneza, mama asisikie: "Toka hapa, mutoto ya karatasi." Yeye ananiangalia, anatabasamu kidogo, anaendelea na shughuli zake. Nilidhani ni aibu.

Ugonjwa wenyewe ulianza polepole. Lubumbashi ukiharisha damu una amiba, hakuna mjadala, hata muuza mkaa atakuandikia dawa. Nikapewa dawa ya amiba. Nikapona siku mbili, nikarudi chooni. Nikapewa tena. Maduka ya dawa yalikuwa yameporwa, kwa hiyo vidonge vilinunuliwa sokoni, kwenye meza moja na betri na viberiti. Vingine vilikuwa na ladha ya chaki, na kuna mara moja nilipewa vitamu kabisa, nikavitafuna kama pipi. Nikanywa mizizi ya jirani. Kikundi cha sala kikaniwekea mikono mpaka kichwa kikauma. Nilipomaliza dawa ya amiba mara ya saba, sketi yangu ya shule ilikuwa inashikwa kiunoni na pini mbili, na nikisimama ghafla dunia inakuwa nyeusi.

Mama akasema imetosha. Alinifunga kitenge kiunoni, akanikalisha nyuma ya baiskeli, mdogo wangu akaisukuma, na tukaenda hospitali ya kampuni, mama akitembea kando na kuniambia nisikunje uso, wagonjwa wanaokunja uso wanahudumiwa mwisho.

Hospitali ile ilikuwa fahari ya mji wakati wa baba zetu. Tulipofika, waporaji walikuwa wamepita hata pale. Hadubini ya maabara ilikuwa imebaki mguu tu, macho yake yamekwenda. Ile mashine ndefu ya kuchungulia ndani ya utumbo nayo ilikuwa imeibwa. Mpaka leo najiuliza mwizi alidhani ni kitu gani, na kama aliitumia, basi namwombea heri. Munganga aliyetupokea, maana daktari kwetu tunamwita munganga, alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Alinibonyeza tumbo, akauliza maswali ya aibu bila aibu, nikampenda palepale.

Kisha akatuambia ukweli, bila kuzungusha. Kuna magonjwa mawili, alisema, na kwa nje yanafanana kama mapacha. La kwanza ni amiba. La pili si la mdudu: ni utumbo wenyewe unawaka, ukuta wake unavuja, mwili unapigana na mwili. Kwa hili la pili kuna dawa, kortizoni, na limebaki kopo moja katika kabati la daktari mkuu.

"Nikikupatia ile dawa na uko na amiba, utumbo inatoboka, unakufa mu juma moja," akasema. "Na kama ni ule ugonjwa mwingine na sikupatie, utaisha polepole. Mashine siko nayo. Niko na maswali tu."

"Uliza," nikasema.

"Ule ugonjwa wa pili unatembeaka mu famille, mu damu. Nani mwingine kwenu alikuwa na tumbo ya namna hii?"

Hakungoja jibu. Alifungua faili letu, lile lililofuata karte ya baba, akapitisha kidole: baba mzima, mama mzima, watoto tisa wazima, surua hapa, mkono uliovunjika pale. Hakuna hata mmoja mwenye tumbo. Akaandika neno moja, akafunga faili, akasema tutarudia dawa ya amiba, mara ya nane, safari hii ya kweli, atatafuta mwenyewe.

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia, nina wanafunzi wanaopiga miayo mbele yangu tangu saa moja asubuhi, na ninaweza kueleza alichokuwa anatafuta yule kijana. Ukuta wa utumbo, mahali unapokutana na chakula, ni tabaka moja tu la seli. Moja! Zimesimama bega kwa bega, zimeshikana kwa vifungo vidogo, na juu yake kuna ute wa kuzilinda. Upande mmoja bakteria wasiohesabika, upande mwingine damu yako. Kuna watu wanaozaliwa na vifungo vilivyolegea kidogo, au ute mwepesi, au seli zisizojua vizuri kutofautisha rafiki na adui. Hakuna jeni moja ya kulaumu. Ni nyingi, ndogondogo, kila moja inasukuma kidogo. Ndugu yako wa damu anaweza kuwa na ukuta unaovuja kama wako na asiugue maisha yake yote, akazeeka anakula pilipili. Wanafunzi hawapendi jibu hilo, wanataka kujua ni baba au mama. Nawaambia wakae chini.

Kwa hiyo swali la munganga lilikuwa zuri. Faili ndilo lililokuwa linadanganya.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni mama aliposimama. Aliushika mlango, akaufunga, sisi tukiwa bado ndani. Akarudi mpaka kwenye meza na mkoba wake ameukumbatia kifuani.

"Munganga, ile karte iko na uongo," akasema. "Uyu mutoto, si miye nilimuzala."

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka. Nilidhani amechanganya, ana watoto kumi, mtu anaweza kuchanganya. "Mama, si mimi," nikamwambia. "Ni ule mwingine." Hakuniangalia.

"Mama yake alikuwa dada mudogo ya bwana yangu," akaendelea, akimwangalia munganga tu. "Alikuwa anakaa kwetu. Alizala uyu, mutoto akafika miezi munane, yeye akakufa. Alikufa na ile tumbo. Damu, kila siku damu. Bantu walisema ni sumu. Miye njo nilikuwa nafula bitambaa yake."

Munganga alifungua tena faili. "Kabla ya tumbo, alikuwa naugua kitu gani ingine?"

Mama alifikiri. Nilimwona anarudi miaka kumi na minane nyuma, chumba kwa chumba. "Macho," akasema. "Jicho moja ilikuwa inakuwa nyekundu, inauma, anakataa mwangaza. Na magoti inavimba. Kisha njo tumbo inaanza."

Kalamu ikawekwa chini. Munganga akanigeukia. "Na weye?"

Basi mimi, katika kiangazi kile kilichopita, nilikaa wiki tatu na kitambaa usoni kwa sababu ya jicho jekundu, na kila mtu alisema ni vumbi. Goti langu la kulia lilivimba mpaka nikashindwa kupiga magoti kanisani, na mama mmoja wa kikundi cha sala akasema ni kwa sababu nasali sana, nami sikumkatalia. Nilimweleza munganga yote mawili. Sauti yangu ilikuwa inatoka mahali pengine.

"Amiba haiweze kufanya jicho nyekundu na magoti," akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka.

Mama alikuwa ameshaona mbele. "Munganga, tafazali, usiandike. Tupatie tu dawa."

"Mama, kama siandike, mukubwa hatafungua kabati. Kopo ni moja. Anataka kusoma sababu."

Nieleze uzito wa neno hilo. Kampuni ilikuwa inaanguka, na inapoanguka ilikuwa inatafuta watu wa kuangusha kwanza. Kila wiki karte zilikaguliwa. Mwanamume aliyekutwa na karte ya uongo alifukuzwa, na kufukuzwa kulimaanisha kutoka katika nyumba ile, watu kumi na wawili na masufuria yao, wakati mji wenyewe hauna pa kumpokea mtu. Mama alijua hivyo vizuri kuliko sisi wote. Akauweka mkoba chini.

"Andika," akasema. "Na uandike muzuri, bisomeke."

Akataja jina la mama yangu. Nilikuwa nalijua lile jina. Lilikuwa linasomwa kila mwaka kwenye misa ya marehemu wetu, katikati ya mababu, na nilikuwa nalisikiliza huku nawaza chakula cha mchana. Munganga akauliza ni nani aliyeninyonyesha mama yangu alipokufa. Mama akajibu kama jambo dogo: "Nilikuwa na wangu ya miezi tatu. Nikamuweka uyu ku ziwa ingine."

Daktari mkuu alisoma, akafungua kabati, tukarudi nyumbani. Mimi nyuma ya baiskeli, kopo limefungwa kwenye kitenge, mama hatua kumi mbele. Tulipofika nilimvuta mdogo wangu pembeni ya jiko.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu kitambo. Baba aliniambia, ili nisikupige."

"Ju ya nini haukusema? Miaka yote ile, nakuita vile!"

Akainua mabega. "Mama alikataza. Na tena ulikuwa unafurahi sana."

Sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baadaye. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajikuta namtukana tena, na yeye akaenda kufunga baiskeli.

Baba aliitwa ofisini siku ya nne. Alivaa koti lake la Jumapili, akatuaga kama anayekwenda vitani. Alirudi mchana anacheka mpaka anakohoa. Walikuwa wamefuta kwenye karte majina matano, langu likiwa la kwanza, na wamemwadhibu kwa kumnyima unga miezi sita. Unga huo ulikuwa haujafika Kampemba kwa miezi minane. Na barua ya kumfukuza? Ilikuwa imeandikwa, ipo mezani, lakini mkuu wa kuitia saini alikuwa ameondoka wiki ile ile kwenda stesheni na familia na magodoro, kwa sababu babu yake alizaliwa jimbo lingine na siku zile mjini kwetu hilo lilikuwa kosa. Baba aliacha kucheka alipofika hapo. Alimheshimu yule mzee.

Vidonge nilimeza kila asubuhi, vinane, vichungu kama nyongo. Kwa juma zima hakuna aliyejua kama vinaniponya au vinanitoboa. Kila asubuhi mama aliniweka kiganja tumboni, akabonyeza kama alivyofundishwa, kuona kama limekuwa gumu. Kiganja chake kilikuwa baridi, na alikuwa anashika pumzi. Nami pia.

Lakini kilichonitesa zaidi kilikuwa kingine. Sikujua nimwite nani. Neno "mama" lilifika kooni likakaa. Shangazi? Mke wa mjomba? Upuuzi mtupu. Basi nikaanza kupanga maneno ili nisilihitaji. Nilikuwa nauliza hewa, "Bukari imeiva?" Nikitaka kitu kwake, nakwenda kusimama karibu naye mpaka ageuke. Na yeye, mwanamke aliyekuwa ananipigia kelele tangu jua lichomoze, akaanza kunisemesha kwa adabu. "Kama unapenda, kula kidogo." "Kama hauchoke, kaa hapa." Katika nyumba yetu watu wa kusemeshwa kwa adabu walikuwa wageni tu. Nililia kwa sababu ya adabu ile kuliko nilivyolia kwa sababu ya damu. Nilijiambia labda ameshusha mzigo, labda sasa amepumzika, na nilimchukia kwa hilo, na nilijichukia mimi kwa kumchukia.

Siku ya tisa, asubuhi, nilikwenda chooni, mara ya kwanza tangu kuamka. Munganga alikuwa ameniagiza nitumie beseni, ili tuone kinachotoka. Mwenye ugonjwa wa tumbo anaangalia kila mara, hata akiapa hataangalia. Nikaangalia. Hakuna damu. Hakuna ute. Nikainama zaidi, nikadhani ni kiza cha mle ndani, nikasukuma mlango wa bati kwa mguu jua liingie. Hakuna. Kilikuwa kimoja, cha kahawia, kizima, kimetulia.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama ee! Kuya uone! Mama!"

Sikulichagua lile neno, lilitoka lenyewe. Alikuja mbio, mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko, uso wa majivu: alidhani utumbo umetoboka. Alinikuta nimesimama wima, sketi nimeishika kwa mkono, nanyoosha kidole. Akainama juu ya beseni. Aliangalia muda mrefu, upande huu na upande huu, kama anavyoangalia samaki sokoni kabla hajakubali kununua.

"Iko muzuri," akasema taratibu. "Iko ya bantu."

Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, kwenye udongo, na akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, hata kwenye misiba. Majirani waliacha walichokuwa wanafanya. Wa kushoto alifika wa kwanza, wa kulia nyuma yake, na nyuma yao nusu ya barabara, wanawake wameshaweka mikono kichwani.

"Nani amekufa?"

Mama aliinua mwiko akaonyesha beseni.

"Hakuna mwenye kufa," akawaambia. "Mutoto yangu amekunya muzuri."